Kufunga Loki ya Resi kwa Ajili ya Safari Ndefu

Katika safari ndefu ya pikipiki, mkono wa kulia huchoka kabla ya kiuno na kabla ya mgongo. Ndani ya mfumo wa resi kuna springi ambayo kazi yake ni kuurudisha mkono wa resi ulikotoka, na muda wote unaoshikilia mwendo wa kilomita 80 kwa saa unashindana na springi hiyo. Ongeza mtetemo wa injini, hasa hizi za silinda moja ambazo ndizo nyingi kwenye barabara zetu, na kiwiko cha mkono kilichokunjwa kwa saa nzima. Vidole huanza kuwaka moto, kisha kidole gumba na viwili vinavyokifuata huingia ganzi. Mwisho wake dereva anaendesha huku hausikii vizuri mkono ule ule anaoutegemea kwa breki ya mbele.

Loki ya resi hutibu shida hiyo. Ni kifaa kidogo kinachoubana mkono wa resi ubaki pale ulipouacha, ili vidole vilegee, vikunjuke, damu ipite. Ukitoka Isiolo kwenda Moyale, kama kilomita 500 za lami, utaikumbuka zaidi baada ya Marsabit, unapoingia Dida Galgalu, nchi tambarare yenye barabara iliyonyooka na upepo usiochoka. Ukikata Dodoma kwenda Singida na kuendelea Shinyanga, utaikumbuka pia.

Ninaipenda loki ya resi na ninaipendekeza kwa kila anayesafiri mbali kwa pikipiki. Nina sharti moja tu, na mwongozo huu wote unalizunguka: mkono wako lazima uishinde loki wakati wowote, kwa kuzungusha tu kama unavyofunga resi kila siku, bila kutafuta kitufe na bila kufikiri. Loki inayokidhi sharti hilo ni msaada. Isiyokidhi isifungwe, hata kama ni ya bei kubwa.

Sharti hilo lina historia. Pikipiki za zamani, Harley-Davidson zikiwemo, zilikuwa na skrubu ndogo chini ya mkono wa resi. Dereva aliikaza kwa kidole na resi ikabaki palepale. Baadaye watunga sheria waliona hatari yake. Kiwango cha usalama namba 123 cha Marekani, kilichoanza kutumika mwaka 1974, kinataka resi ijirudishe yenyewe mkono unapoachia. Springi unayoilaani kila safari ndiyo inayoizuia pikipiki isiendelee kukimbia siku ukiteleza na mkono ukatoka. Unapofunga loki unaiondolea springi hiyo kazi yake kwa muda, kwa hiyo kazi hiyo inahamia kwako. Liweke hilo kichwani unaposhika spana.

Usiichanganye pia loki na kile kifaa cha magari kinachoshika mwendo. Kile kilibuniwa na Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni, na kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza kwenye magari yake mwaka 1958. Chenyewe hupima mwendo na kuongeza au kupunguza mafuta ili mwendo usibadilike. Loki ya resi haipimi chochote. Inashika kiasi cha ufunguzi tu. Ukipanda mlima pikipiki itapungua mwendo, ukishuka itaongeza, upepo ukigeuka utaona mara moja. Loki wala haijui kwamba umeshika breki.

Anza na resi yenyewe

Kazi kubwa ya kufunga loki hufanyika kabla hujaitoa kwenye boksi lake. Loki inaongeza msuguano kwenye mkono wa resi. Kama mkono huo tayari una msuguano wa vumbi, kutu au waya uliochakaa, utakuwa umeweka tatizo juu ya tatizo, na siku resi itakapogoma kurudi hutajua kama ni loki au ni uchafu wa zamani.

Simamisha pikipiki kwa dabo stendi, injini ikiwa imezimwa. Nyoosha usukani, fungua resi hadi mwisho, kisha iachie ghafla na usikilize. Resi nzima inarudi kwa pigo moja, tak, na inagonga mwisho wake bila kusuasua. Ikirudi polepole, au ikisimama robo ya mwisho na kukusubiri uimalizie, haiko tayari. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto hadi mwisho, halafu kulia hadi mwisho. Waya uliopitishwa vibaya nyuma ya taa au uliominywa na tangi hujionyesha hapo. Kisha washa injini, iache iungurume bila resi, na ukate usukani tena pande zote mbili. Mlio ukipanda wakati unakata, waya unavutwa na usukani. Rekebisha njia ya waya kwanza, hata kama siku nzima itaishia hapo.

Sasa pima mchezo wa waya, yaani ule mzunguko mdogo wa bure kabla waya haujaanza kuvuta. Upime kwenye ukingo wa raba ya mkono, upande wa boksi la swichi. Vitabu vya pikipiki nyingi hutaka milimita 2 hadi 6. Fuata namba ya kitabu chako. Waya usio na mchezo kabisa huacha resi ikiwa wazi kidogo, na loki juu yake itakuwa balaa. Kirekebishi kiko kwenye waya wenyewe, karibu na mkono wa resi au chini karibu na kabureta: legeza nati ya kufungia, zungusha kirekebishi, kaza nati tena, na upime upya.

Halafu fungua. Boksi la swichi la kulia kwenye pikipiki nyingi linashikwa na skrubu mbili kutoka chini. Litenganishe, toa kichwa cha waya kwenye tundu lake, na uchomoe bomba la plastiki pamoja na raba yake. Kwenye pikipiki iliyofanya kazi miaka kadhaa kwenye barabara za vumbi utakuta ndani rojo jeusi, vumbi lililolewa grisi ambayo mtu fulani aliipaka kwa nia njema. Rojo hilo ndilo linalofanya resi izubae. Lifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, usitumie petroli kwa sababu petroli huiharibu raba, kisha ukaushe vizuri. Kama bomba la usukani lina kutu, lipitishie msasa laini mpaka kidole kisikwame, na uangalie kwa makini ncha yake ya nje: pikipiki iliyowahi kuanguka mara nyingi ina kijino cha chuma pale, na kijino hicho hukwaruza plastiki kwa ndani kila unapozungusha. Kisawazishe kwa tupa. Rudisha bomba la plastiki likiwa kavu, au na grisi chache mno ya silikoni. Grisi nzito haina kazi pale.

Ukiwa umefungua, tazama waya unapoingia kwenye kichwa chake. Uzi mmoja ukiwa umechanika na kusimama kama mwiba, badilisha waya mzima. Waya wa resi wa Boxer au TVS hauna gharama ya kumfanya mtu abahatishe.

Jambo moja wengi hawalijui kuhusu pikipiki yao: ina waya mmoja wa resi au miwili? Pikipiki kubwa nyingi zina miwili, mmoja wa kufungua na mwingine wa kufunga. Hata springi ikichoka, mkono wako ukizungusha kurudi nyuma unaivuta resi ifunge kwa nguvu. Hizi ndogo za kabureta tunazoziona kila kijiwe nyingi zina mmoja tu, wa kufungua. Ukizungusha kurudi nyuma unaulegeza waya, basi. Kinachofunga mafuta ni springi iliyo ndani ya kabureta, na ikiwa uchafu umekishika kile kizibo kinachopanda na kushuka humo ndani, mkono wako hauna la kufanya. Kwa mwenye waya mmoja, usafi wa kabureta na waya ni nusu ya usalama wa loki. Asiyekuwa tayari kufungua kabureta yake, au kumpa fundi afungue, asifunge loki.

Loki ipi

Zipo za aina mbili ninazoziona zinafaa. Ya kwanza ni ya kubana, inayofungwa kama pete kwenye mkono wa resi, katikati ya raba na boksi la swichi. ATLAS ya Marekani ni mfano wake maarufu: ina vitufe viwili vya kidole gumba, kimoja cha kushika na kingine cha kuachia, na ikishika inaegemea boksi la swichi au kitako cha breki ili mkono wa resi usirudi. Hata ikiwa imeshika, ukizungusha resi kwa nguvu kidogo inateleza na kukufuata, na hiyo ndiyo sababu ninaiheshimu. Ya pili hufungwa mwisho wa usukani, badala ya kile kizito cha chuma au kizibo cha plastiki. Kaoko ya Afrika Kusini ni ya namna hiyo: unazungusha nati ya msuguano kwa vidole, nayo inausukuma mwisho wa mkono wa resi mpaka ukaze kiasi unachotaka.

Kwa pikipiki ndogo isiyo na kifaa chake maalumu, madereva wengi duniani hutumia oringi nene ya raba. Wanaivusha kwenye ncha ya usukani hadi ikae kwenye mwanya kati ya raba ya mkono na kizibo cha mwisho. Ikisukumwa ndani inabana, ikivutwa nje inaachia. Ni ya bei ndogo na inafanya kazi, ila oringi huvimba kwa mafuta na kuchoka kwa jua, kwa hiyo nguvu yake hubadilika kutoka mwezi hadi mwezi. Ukiitumia, ifanyie majaribio yote nitakayoyaeleza, tena uyarudie mara nyingi kuliko mwenye kifaa cha chuma.

Ninazozikataa ni hizi. Kamba ya tyubu inayofungwa kutoka mkono wa resi hadi kwenye leva ya breki: nimeiona kwenye pikipiki za mizigo, na kila nikiiona moyo unashtuka, kwa sababu inaifanya leva ya breki kuwa nguzo ya kuvutia resi. Vipande vya plastiki vinavyolala juu ya leva ya breki pia sivipendi, japo vinauzwa kihalali. Kitu chochote kinachogusa leva ya breki kinaweza kuizuia isivutike hadi mwisho. Skrubu iliyotobolewa kwenye boksi la swichi ili ikandamize bomba la plastiki ni mbaya kuliko zote, maana haina kipimo na inakula plastiki.

Kuna pia kibao cha kiganja, kile kinachobanwa kwenye mkono wa resi ili usukume kwa kiganja badala ya kukamata kwa vidole. Hicho hakifungi kitu, na kwa mtu anayesafiri saa mbili tatu kinaweza kumtosha. Shida yake iko mjini: ukiegemea mkono vibaya wakati unazungusha pikipiki kwenye foleni, unapiga resi bila kutaka.

Na kabla hujatumia shilingi yoyote, legeza leva za breki na klachi, uziinamishe kidogo mpaka mkono, kiwiko chake na vidole vikae kwenye mstari mmoja ukiwa umekaa kama unavyokaa safarini. Pikipiki nyingi hutoka dukani leva zikiwa juu mno, na dereva hukunja mkono siku zote akidhani ndivyo ilivyo.

Kuifunga ya kubana

Angalia mwanya kati ya ukingo wa raba na boksi la swichi. Pete ya loki ni nyembamba lakini inahitaji nafasi yake. Kama raba imesukumwa hadi kuligusa boksi, ivute nje kidogo. Kama ukingo wake ni mnene, kata kwa wembe mpya, duara kamili, bila kuacha vipande vinavyoning'inia. Usikate zaidi ya unavyohitaji, maana raba iliyopungua sana huanza kuzunguka juu ya bomba lake, na hapo mkono utazungusha raba huku resi imebaki palepale.

Vaa pete kwenye bomba la plastiki na uiache ikiwa imelegea. Kaa juu ya pikipiki na glovu zako za safari. Fungua resi hadi pale inapokaa kwenye mwendo wako wa kawaida wa safari, kisha izungushe pete mpaka vitufe viwe chini ya kidole gumba bila kukunyoosha. Hapo ndipo pahali pake. Wengi huiweka wakati resi imefungwa, halafu barabarani wanakuta kitufe kimehamia kusikofikika.

Sasa kaza skrubu kidogo kidogo kwa alenki, ukipokezana kama ziko mbili, na kila robo ya mzunguko uijaribu resi. Pete ikikazwa kupita kiasi huliminya bomba la plastiki, nalo hukamata usukani kwa ndani. Utajua kwa kuwa ule mlio wa tak utakuwa umepotea. Legeza mpaka urudi. Kaza kiasi cha kuifanya pete isizunguke juu ya bomba, basi. Weka tone la gundi ya nati ya nguvu ya kati kwenye skrubu, si ile nyekundu ya kudumu. Hakikisha kuwa loki ikiwa imeachiwa hakuna inapoligusa boksi la swichi, na kwamba katika mzunguko mzima wa resi, kutoka kufungwa hadi kufunguka kote, haigongi leva ya breki wala waya wowote.

Kuifunga ya mwisho wa usukani

Hapa ugumu uko kwenye kutoa kilichopo. Skrubu ya kizito cha mwisho kiwandani hupakwa gundi na kukazwa kweli kweli, na kichwa chake ni laini. Tumia bisibisi au alenki inayoingia kikamilifu, igonge kwa nyundo mara mbili tatu kuishtua, na ikigoma ipashe moto taratibu kwa mashine ya hewa moto huku ukiilinda raba kwa kitambaa kibichi. Ukikiua kichwa cha skrubu utaishia kwa fundi wa kuchomelea.

Pikipiki ndogo nyingi hazina nyuzi ndani ya usukani, bomba ni tupu na kizibo ni cha plastiki. Kwa hizo loki hushikwa na nanga ya raba au ya chuma inayotanuka ndani ya bomba unapokaza bolti. Usukani wa kawaida una kipenyo cha milimita 22 kwa nje penye mkono wa resi, lakini kipenyo cha ndani hutegemea unene wa chuma, na usukani wa alumini una ukuta mnene zaidi. Pima kwa venia kabla ya kununua. Nanga isiyoshika vizuri itachomoka njiani pamoja na loki yako.

Kama raba ya mkono imefunikwa mwisho, toboa ncha yake kwa wembe ili loki iguse bomba la plastiki. Baada ya kufunga, loki ikiwa imeachiwa, acha mwanya wa milimita 1 hadi 2 kati ya uso wa msuguano na mwisho wa mkono wa resi. Wenye gadi za mikono wanahitaji loki iliyotengenezwa kupokea gadi hizo; ya kawaida itasukuma gadi itoke kwenye mstari wake, nayo gadi itaikandamiza resi kwa ubavu.

Jaribu kabla ya kutoka uani

Injini ikiwa imezimwa, fungua resi nusu na uifunge kwa loki. Izungushe irudi kwa mkono mmoja, bila kugusa kitufe. Iende hadi mwisho. Ikihitaji ukaze meno, loki imebana mno. Kisha fanya hivyo ukiwa umevaa glovu, halafu kwa glovu zilizolowa maji. Halafu jaribu jambo gumu zaidi: loki imeshika, wewe kwa tendo moja funga resi na uvute breki ya mbele kwa vidole viwili, kama mtoto amekatiza mbele yako. Rudia mpaka mkono uzoee, kwa sababu barabarani hutapata muda wa kukumbuka mpangilio. Leva ya breki ivutike hadi mwisho wake wa kawaida bila kugusa kitu.

Washa injini ikiwa kwenye fri, dabo stendi. Pandisha resi kidogo, funga loki, kisha zima kwa swichi nyekundu. Baadhi ya pikipiki za bei nafuu hazina swichi hiyo. Kwa hizo zoea kushika klachi kwanza na kuzima kwa funguo baadaye. Fanya hivyo pikipiki ikiwa imesimama na usukani umenyooka, na ujue mapema mwendo wa funguo unaozima injini na ule unaofunga usukani. Ukiwa kwenye mwendo usiufikie ule wa pili.

Jaribio la barabarani lifanyie kwenye barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na watu, kwa mwendo wa kilomita 40 au 50. Funga loki, acha sekunde chache, rudisha resi kwa mkono. Tena. Kisha ukiwa umeshika loki gusa breki kidogo na usikilize namna injini inavyoendelea kusukuma chini yako. Ni hisia isiyopendeza, nawe uizoee hapo, mahali pasipo na lori nyuma yako. Malizia kwa kushika klachi loki ikiwa imeshika: injini itapaa kwa kelele, lakini pikipiki haitasukumwa tena. Klachi ndiyo njia yako ya kutokea kila kitu kikigoma, na mkono wa kushoto lazima uijue hivyo.

Ukiwa njiani

Loki ni ya lami kavu, iliyonyooka, yenye mwonekano wa mbali. Ukiona kibao cha kijiji, achia. Ukiona matuta, achia, na kwetu matuta mengine hayana kibao wala rangi. Changarawe, mchanga uliopeperushwa juu ya lami, mvua, msururu wa magari, giza: kote huko mkono uwe na resi yake yenyewe. Kwenye kilomita kama 50 za barabara ya Morogoro–Iringa zinazopita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na kati ya Mtito Andei na Voi ambako barabara inapita katikati ya Tsavo mbili, mnyama hutoka kichakani bila taarifa, na hata tembo huvuka. Mteremko wa Kitonga, wa Sekenke, ule wa Salgaa, usiiguse loki kabisa. Kwenye mteremko unahitaji injini ikusaidie kuzuia, na resi iliyoshikwa inafanya kinyume chake.

Ukiwa umebeba abiria au mzigo mrefu, uzito hubadilisha umbali wa kusimama. Punguza matumizi. Waendesha bodaboda wanaofanya safari fupi fupi mjini, nawasihi, hamna haja nayo. Pesa hiyo nunueni waya mpya wa resi na pedi za breki.

Loki ikishika, usiuondoe mkono ukapiga picha au ukatafuta simu. Kunjua vidole, vitikise, zungusha kiwiko, weka kiganja tena juu ya raba. Sekunde kumi au kumi na tano zinatosha kurudisha damu, na ukirudia kila baada ya muda utafika bila ganzi. Kiu ikikushika, simama pembeni unywe maji.

Matunzo na watu wengine

Vumbi letu ni adui wa uso wa msuguano. Kila unapobadilisha oili ya injini, futa loki kwa kitambaa kikavu, angalia kama skrubu zimelegea, na urudie jaribio la tak usukani ukiwa pande zote tatu. Usipulizie dawa ya kulainisha karibu nayo: ikipata mafuta itateleza, na wewe utaikaza zaidi ili ishike, kisha siku mafuta yakikauka itakuwa imebana mno. Oringi au pedi ya raba ikianza kung'aa au kupasuka, itupe.

Baada ya pikipiki kuanguka, hata kama ilianguka ikiwa imesimama, ichunguze loki kabla ya kuwasha. Loki ya mwisho wa usukani ndiyo inayopiga chini kwanza, na ikisukumwa ndani kwa milimita chache tu inaweza kuushika mkono wa resi moja kwa moja.

Ukimwazima mtu pikipiki, au ukiipeleka kwa fundi, mwonyeshe loki ilipo na mwache aijaribu mbele yako, injini ikiwa imezimwa. Kijana wa gereji anayeichukua kuizungusha uwanjani hana sababu ya kuhisi kuwa resi inaweza kubaki wazi. Kama mwazimaji atakaa nayo siku kadhaa, ifungue kabisa uiweke nyumbani. Ya kubana hutoka kwa alenki moja na dakika chache, na resi inarudi kuwa ile anayoijua kila dereva.